Ukisain Fomu Hosi, Unajua Umekubali Nini?

Septemba 2023, klabu moja hapa Nairobi ilipigwa faini ya Sh1,850,000 na Ofisi ya Kamishna wa Kulinda Data. Makosa? Walimpiga picha msee aliyekuja kujibamba, wakaiposti kwa mitandao yao bila kumuuliza. Picha tu, wasee. Hakuna mtu alivunjwa mfupa. Lakini sheria ikasema sura yako ni yako, na anayetaka kuitumia akuulize kwanza.

Hiyo karibu kila mtu aliielewa mara moja. Sasa tuulize ile ingine. Kama sura yako kwa Instagram inahitaji ruhusa yako, je, tumbo lako? Mirija yako ya uzazi? Goti la shosh yako kule ushago? Ukifika hosi, ni nani anaamua kisu kipite wapi?

Ukiuliza watu kumi kwa stage, wengi watakuambia "daktari." Sheria ya Kenya inasema "mgonjwa." Na kwa hiyo nafasi iliyo katikati ya hayo majibu mawili, kuna watu wameumia vibaya sana.

Waliofungwa mirija

Desemba 2022, Jaji Antony Mrima wa Mahakama Kuu Nairobi alitoa uamuzi wa kesi iliyokuwa imekaa kortini tangu 2014. Mwanamke aliyeshtaki anajulikana kwa herufi tatu tu, L.A.W. Anaishi na HIV. Alipoenda kujifungua kwa upasuaji, alitoka akiwa amefungwa mirija ya uzazi. Korti ilisema hakuwa ametoa ruhusa inayostahili kuitwa ruhusa, haki zake zilivunjwa, na alipwe fidia.

Hakuwa peke yake. Wanawake wengine wanaoishi na HIV walikuwa wamefungua kesi yao 2014 wakilalamikia kitu kile kile. Na kabla ya hapo, 2012, shirika la African Gender and Media Initiative lilikuwa limetoa ripoti yenye ushuhuda wa wanawake 40 waliosema walifungwa kizazi kwa kulazimishwa ama bila kuelezwa.

Ukisikia neno "kulazimishwa" unaeza fikiria mtu ameshikwa mikono na miguu. Haikuwa hivyo kwa wengi. Ushuhuda wao unaonyesha njia tatu, na zote zinafanana na vitu umewahi kuona ukienda hosi yoyote.

Ya kwanza ni wakati. Mama ako leba, uchungu umeshika, anawekewa karatasi mbele na kuambiwa weka sahihi hapa. Mtu mwenye maumivu kama hayo atasain hata logbook ya gari ambayo hana. Halafu hiyo karatasi inawekwa kwa faili, na baadaye inatolewa kama ushahidi kwamba alikubali.

Ya pili ni masharti. Wengine walisema waliambiwa chakula cha msaada, maziwa ya mtoto, ama kulipiwa bili ya kujifungua, vyote vilitegemea wakubali kufungwa. Hebu jiweke hapo. Unaishi mtaani, hauna doh, una mtoto mchanga, na mtu amekushikia unga kwa mkono mmoja na fomu kwa mkono mwingine. Unaitwa huru kuchagua, lakini ukikataa mtoto analala njaa.

Ya tatu ni habari nusu. Kuna walioambiwa ati mwanamke mwenye HIV hafai kuzaa tena. Ukweli wa kitaalamu ni huu: bila matibabu yoyote, hatari ya mama kumwambukiza mtoto iko kati ya asilimia 15 na 45. Akitumia ARV vizuri na kufuatiliwa na kliniki, hiyo hatari inaweza shuka chini ya asilimia 5, hata akiwa ananyonyesha. Mtu akinyimwa hiyo habari, kisha aulizwe kama anataka kufungwa, swali lenyewe limeshapindwa. Na wengine hawakuelezwa hata kwamba kufungwa mirija huhesabiwa kuwa kwa maisha. Walidhani ni kama sindano ya miezi mitatu.

Kitu cha kukumbuka kwa hizi kesi ni hiki: kwa baadhi yao, sahihi ilikuwepo. Karatasi ilikuwepo. Lakini karatasi haikuwa na maana kwa sababu mazungumzo yaliyofaa kuitangulia hayakufanyika, ama yalifanyika kwa vitisho.

Sheria inasema nini hasa

Sheria ya Afya ya 2017 ina vifungu viwili ambavyo kila Mkenya anafaa kuvijua kama anavyojua PIN yake ya M-Pesa. Cha 8 na cha 9.

Kifungu cha 8 kinamwambia mhudumu wa afya mambo anayofaa kukuelezea. Hali yako ya afya. Njia za kupima na kutibu zilizopo, zote kwa jumla, na si ile moja anayoipenda yeye. Faida, hatari, gharama na matokeo ya kila njia. Na haki yako ya kukataa, pamoja na kitakachoweza kutokea ukikataa. Hapo kwa gharama wengi hushtuka. Ndiyo, bei ni sehemu ya kile unachofaa kujua kabla ya kukubali, usije ukaisikia kwa mara ya kwanza ukiwa kwa dirisha la kulipia.

Halafu kinaongeza kitu kitamu: pale inapowezekana, uelezwe kwa lugha unayoelewa, na kwa njia inayozingatia kiwango chako cha kusoma. Sasa linganisha hiyo na fomu za hosi zetu nyingi. Kizungu kigumu, maandishi madogo, maneno ya Kilatini, na mahali pa sahihi pamewekwa alama ya X ndiyo usipotee. Mama aliyesoma hadi darasa la sita anapewa hiyo kitu dakika tano kabla ya kuingia thieta. Hata msee ako na digrii anaisain bila kusoma, kama vile tunabonyeza "nimekubali" kwa app.

Kifungu cha 9 kinasema huduma haitolewi bila hiyo ruhusa, ila kwa hali chache zilizotajwa. Tutazifikia.

Kwa hivyo fomu ni risiti tu. Risiti inaonyesha kuna kitu kilinunuliwa. Kama hakuna kitu ulipewa, hiyo risiti ni feki, hata kama ina jina lako.

Magoti ya wazee wa Meru

Usidhani hii ni stori ya wamama na HIV peke yake. Juni 2023, NTV ilirusha uchunguzi uliotikisa nchi kuhusu bima ya NHIF. Wazee kule Meru walisema walialikwa kwa kambi ya matibabu ya bure, wakabebwa hadi hosi, na wakajipata wamefanyiwa upasuaji wa magoti. Wengine hawakuwa wanaelewa wamefanyiwa nini, wala kwa nini. Bili ilienda NHIF. Baada ya hiyo ripoti, NHIF ilisimamisha hosi kadhaa.

Watu wengi waliisoma kama stori ya wizi wa pesa za umma, na pesa kweli zilikuwa ndani. Lakini angalia tena. Ili hiyo bili itoke, mtu alihitaji mwili wa mzee. Goti lilibidi lipasuliwe ndiyo karatasi ipatikane. Huyo mzee alipewa vipimo vya bure, usafiri, labda chai, na heshima ya daktari kumshika mkono. Nani ana nguvu ya kuuliza maswali hapo? Kwa wazee wetu, kumuuliza daktari "kwani ni lazima?" ni kama kumkosea adabu.

Hapo ndiyo pesa na ruhusa zinakutana. Mgonjwa asiyeuliza ni mteja rahisi. Na sai tuko kwa SHA tangu Oktoba 2024, mambo ya alama ya kidole. Wasee, hiyo kidole inathibitisha kwamba wewe ndiye mwenye bima. Haimaanishi umekubali kupasuliwa. Ukiwa umempeleka mathe ama shosh hosi na nesi akaomba aweke kidole, uliza kwanza: hii ni ya huduma gani, na imeandikwa pesa ngapi?

"Lakini daktari ndiye amesoma"

Hii hoja iko na uzito, tusiipuuze. Daktari amekaa shule ya udaktari miaka sita, wewe umegugo dakika sita. Kuna watu wamekataa dawa za kansa wakaenda kwa mganga wa TikTok, na wamezikwa. Kwa nini msee asiyejua mirija iko wapi ndiye awe na neno la mwisho?

Kwa sababu maswali ni mawili, na daktari ni mtaalamu wa moja tu. Swali la kwanza: dawa gani inafanya kazi kwa huu ugonjwa? Hapo msikize daktari. Swali la pili: wewe uko tayari kuishi na nini? Mguu ukatwe leo ama ujaribu dawa mwezi mmoja na hatari yake? Uzae tena ama basi? Uuze shamba kwa matibabu yenye nafasi ndogo ya kufaulu, ama uwaachie watoto? Hakuna kitabu cha udaktari chenye jibu la hayo. Anayejua ni yule atakayeamka kesho akiwa ndani ya huo mwili.

Pia tuwe wakweli kuhusu hali ya madaktari. 2024 waligoma siku 56, kuanzia katikati ya Machi hadi Mei 8, na moja ya vilio vyao vikubwa ilikuwa malipo na ajira ya wale wanaoanza kazi. Ukienda hosi ya kaunti usiku utapata daktari mmoja wa zamu, foleni imefika nje, na yeye mwenyewe hajalala tangu jana. Ukimwambia akae na kila mgonjwa dakika ishirini kumwelezea hatari za sindano ya usingizi, atakuonyesha ile foleni. Wengi wao hawana ubaya. Wamewekwa kwa mashine inayowalipa kutibu, na haiwapi muda wa kuongea.

Lakini hiyo inamaanisha lawama ipande juu kwa wanaoajiri na kupanga zamu. Haimaanishi mgonjwa apoteze haki yake. Nesi, muuguzi wa kliniki ya wajawazito, hata mhudumu wa afya wa mtaani, wote wanaweza kusaidia kuelezea mapema. Mama huja kliniki miezi kadhaa kabla ya kujifungua. Muda wa kuongea kuhusu kupanga uzazi ulikuwa hapo, kabla ya leba.

Mahali ambapo hawahitaji kukungoja

Sasa zile hali za kipekee. Nduthi imekuangusha Thika Road, umepoteza fahamu, damu inatoka. Hakuna mtu atakungoja uamke usain. Sheria inaruhusu watibu bila ruhusa pale ambapo kuchelewa kunaweza kukuua ama kukuharibu bila kurekebishika, mradi hujakataa hiyo huduma hapo awali. Na Katiba, kifungu cha 43, inasema hakuna mtu atanyimwa matibabu ya dharura. Kwa hivyo ile tabia ya "leteni deposit kwanza" mtu akiwa anavuja damu ni kuvunja Katiba.

Lakini ona hayo maneno: mradi hujakataa. Mtu mzima mwenye akili timamu aliyesema wazi kwamba hataki kuwekewa damu, kwa sababu za imani yake, amekataa. Daktari anaweza kumsihi, kumwelezea kwamba atakufa, na kumtaka athibitishe kukataa kwake rasmi. Hawezi kungoja alale ndiyo amwekee. Hiyo inauma, hasa kwa daktari anayejua chupa moja ingemwokoa. Ila ukikubali kwamba uamuzi ni wa mgonjwa pale tu anapoamua unachopenda wewe, basi hujakubali chochote.

Hali ya pili ni hatari kwa wengine. Hapa kuna kesi ya Kapsabet. 2010, wanaume wawili waliacha kumeza dawa za TB. TB inaenea kwa hewa, na ukiacha dawa katikati inaweza kuwa sugu, kwa hivyo serikali ilikuwa na sababu ya kuingilia. Lakini walichofanyiwa ni kupelekwa kortini chini ya Sheria ya Afya ya Umma na kuamriwa wakae gerezani miezi 8 wakitibiwa. Gereza lililojaa, hewa nzito, wafungwa wamebanana. Machi 2016, Jaji Mumbi Ngugi alisema kuwafunga jela hivyo kulivunja Katiba. Kumtenga mgonjwa ili asiambukize wengine kunaweza kuwa halali, lakini iwe mahali pa matibabu, na kwa utu. Ugonjwa si kosa la jinai.

Na mume? Na familia?

Hii ndiyo inasumbua mabinti wengi. Unaenda kuitisha njia ya kupanga uzazi, unaulizwa "mume wako amekubali?" Sheria ya Afya haimpi mume kura kwa mwili wa mtu mzima anayeweza kujiamulia. Ndugu wa karibu anaingia pale tu mwenyewe hawezi kutoa ruhusa na hakuna mtu mwingine aliyepewa hayo mamlaka.

Na hapo kuna kitu vijana hatufanyi: sheria inakuruhusu kumteua mtu kwa maandishi akuamulie ukishindwa. Kama hutaki yule anko anayependa kupiga kelele kwa vikao ndiye aamue kuhusu mashine ya kupumua, andika jina la unayemwamini ukiwa bado uko fiti.

Mwajiri naye? Wasee wanatafuta wera wanajua hii. Unaambiwa kapimwe kabla ya kuandikwa, na HIV iko kwa hiyo orodha. Sheria ya HIV na UKIMWI ya 2006 inakataza mtu kulazimishwa kupimwa HIV kama sharti la kupata kazi. Hata kama ni kampuni kubwa yenye lifti za vioo.

Maswali ya kubeba kwa mfuko

Huhitaji kuwa wakili. Ukiwa hosi, wewe ama mtu wako, uliza hivi kwa heshima:

Ugonjwa wangu ni gani, kwa lugha ya kawaida?
Mnataka kunifanyia nini hasa, na ni nani atafanya?
Kuna njia ingine? Nisipofanya chochote itakuwaje?
Hatari zake ni gani, na hii kitu inaweza kurudishwa nyuma ama ni ya maisha?
Itagharimu pesa ngapi, na bima inalipa ngapi?
Lazima iwe leo, ama naweza kuuliza daktari mwingine?

Hilo la mwisho si matusi. Hati ya Haki za Wagonjwa ya Wizara ya Afya ya 2013 inakupa haki ya maoni ya pili. Daktari aliyejiamini hatakasirika.

Kabla ya kuingia thieta, sema jina lako kwa sauti na utaje unachoenda kufanyiwa. Hosi Kuu ya Kenyatta ilituonyesha 2018 kwamba hii si mzaha: wagonjwa wawili walichanganywa, na kichwa cha yule asiyehitaji upasuaji ndicho kilichofunguliwa. Kama mgonjwa hawezi kuongea, wewe uliyemleta ndiye mdomo wake.

Ukihisi mtu wako alifanyiwa kitu bila kuelezwa, omba rekodi zake kwa maandishi. Sheria ya Kulinda Data ya 2019, ile ile iliyoisumbua klabu, inakupa haki ya kuona habari zako mwenyewe, na za afya zimewekwa kwa kundi linalolindwa zaidi. Kifungu cha 14 cha Sheria ya Afya kinakupa haki ya kulalamika na malalamishi yachunguzwe. Kuna baraza la madaktari, KMPDC, linalopokea malalamishi dhidi ya daktari na hosi. Na kuna mashirika kama KELIN, yaliyosimama na wale wanawake wa kufungwa mirija kortini.

Kesi ya L.A.W. ilichukua miaka 8 kutoka kufunguliwa hadi uamuzi. Kwa huo muda mtoto aliyezaliwa siku ya kufungua kesi alikuwa amefika Grade 2 ama 3. Fidia ilitolewa, ndiyo, lakini mirija haikufunguliwa na jaji. Ndiyo maana maswali yaulizwe kabla ya kusain, wakati jibu bado linaweza kubadilisha kitu. Tuma hii kwa group ya familia, hasa kama kuna mtu anajifungua mwezi ujao ama mzee amealikwa kwa kambi ya matibabu ya bure.